Kituo Kilicho Karibu Nawe

Nyumba Namba 14,
Kambi ya Polisi,
Kampala.
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa kaka yangu Obita,

Nakusalimu kwa upendo, na natumaini baridi ya Nairobi haijakuzidi. Huku sote tupo. Kuku mwekundu wa Mama ameatamia mayai tisa chini ya kitanda changu, kwa hiyo siku hizi nalala kwa adabu. Baba amewekwa kwenye dawati la mapokezi pale kituoni, yeye ndiye anayeshika simu ya zamu. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Mwalimu Siraje anasema Kiswahili changu ni safi, ila natumia mkato mno.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Simu yangu haipo tena. Baba aliiona picha ya meza yako ya kazi uliyonitumia. Akauliza kwa nini naongea na mtu aliyemwinulia baba yake mkono. Akaiweka simu juu ya jiwe la kusagia, akaiponda kwa mchi, polepole, kama anayeponda karanga. Mama alinyoosha mkono kuiokoa. Sasa vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vimefungwa kijiti. Mtu akiuliza, ni mlango.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Nataka kujifunza kazi yako ya kusanifu kurasa za simu na kompyuta. Shuleni tunaingia chumba cha kompyuta kila Jumatano, dakika arobaini, wasichana wanne kwa kompyuta moja. Kwa hiyo mimi nina dakika kumi kwa wiki. Wewe unafanyaje kazi haraka? Nifundishe mbinu zako zote, nitaziandika daftarini.

Barua zitapitia kwa Bwana Habib, muuza vitambaa wa Nateete, ambaye huja huko Nairobi kununua mizigo kila baada ya wiki tatu. Binti yake Jannat yuko darasani kwangu na ni msiri.

Utakuja lini nyumbani?

Ni mimi mdogo wako,
Lanyero


Nairobi,
Jumapili, 2 Machi 2025

Lanyero mpendwa,

Barua yako ilinifikia ikiwa inanukia vitambaa vipya. Nimefurahi kusikia habari za kuku na za Mwalimu Siraje, na mkato wako hauna neno. Mimi ni mzima. Ofisini tuko watano, na mkubwa wetu anataka kila kitu jana.

Mwambie Mama pole kwa mlango. Naujua mlango huo.

Sasa mbinu. Dakika kumi zinatosha ukifika ukiwa umeshafikiri. Usiguse kompyuta kabla ya kuchora ukurasa wote kwa penseli. Kila leya, yaani kila tabaka la mchoro, ipe jina siku hiyo hiyo unayoitengeneza. Ukiziacha zikiitwa Mstatili 1, Mstatili 2, wiki ijayo utapoteza dakika sita ukitafuta. Tumia kibodi kuliko kipanya. Chora kitufe kimoja tu, kitufe mama, vingine vyote viwe nakala zake. Ukibadilisha rangi ya mama, watoto wote hubadilika wenyewe. Na usianze kamwe kutoka sifuri. Mimi nina folda ya vipande nilivyowahi kutengeneza, fomu, menyu, kurasa za kutuma ujumbe, na kazi mpya nusu yake naichota humo. Hiyo ndiyo siri ya kasi yangu.

Nina kazi mpya inayokuhusu kidogo. Chama kimoja cha akina mama wa Bwaise, hapo Kampala, kinataka ukurasa wa simu ambao mwanamke anayepigwa anaweza kuufungua, ajibu maswali machache, na watu wa chama waje kumchukua. Wana nyumba ya kuwahifadhi. Nimekuchapishia kurasa tano kwenye karatasi. Wape wanawake wa hapo kambini, waambie waguse karatasi kama ni simu, na wewe uwabadilishie kurasa. Usiwasaidie. Usiwaulize kama ni nzuri. Angalia tu wanapokwama, uandike. Ukurasa wa sita ni wa kutuma. Huo nimeutoa kwenye folda, kutoka kazi ya zamani ya kuripoti wizi, na ulishajaribiwa. Usipoteze muda nao.

Nakutakia wiki njema,
kaka yako Obita


Kampala,
Jumapili, 23 Machi 2025

Kaka Obita,

Salamu nyingi. Vifaranga vimetoka saba. Mvua imeanza, na choo cha safu yetu kimefurika tena. Mama anasema ule vizuri. Nimezipa leya zangu majina, na wenzangu wananicheka kwa sababu nimeziita kama watu.

Nimewajaribu wanawake sita, mmoja mmoja, tukiwa bombani tunangoja maji. Nakuandikia kama ilivyokuwa.

Mama Odur wa Namba 15 alishika karatasi mbali na macho yake. Akasema, "Banange, hii kitufe nyekundu hivi! Nikibonyeza si italia kama gari ya kuzima moto?" Nikakumbuka usemi wako, nikanyamaza. Akasema, "Wewe Lanyero unanyamaza kama daktari. Nitakufa?" Tukacheka. Kisha akafika kwenye swali la tatu, *Anayekupiga ni nani?* Akaacha kucheka. Akaniuliza, "Na hii inabaki kwenye simu? Mzee anashika simu yangu kila siku akitoka kazini."

Wanne kati ya sita walikwama hapo hapo. Wawili walisema maandishi ni mengi kwa mtu aliyebeba mtoto. Mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa na jicho moja limefumba kwa uvimbe, akasoma kila neno mara mbili. Mume wake ni koplo. Mwezi wa kwanza alimchoma mgongoni kwa pasi, kisha akamlaumu kwa kuharibu pasi.

Wa mwisho ni Mama. Vidole havijaunga vizuri, kwa hiyo alitumia kidole gumba cha kushoto. Kitufe chako cha kufunga ukurasa haraka kiko juu kulia, na gumba lake halikifikii. Alijaribu mara tatu. Nilitaka kumsaidia lakini ulinikataza. Swali la tatu aliliruka. Akasema, "Kazi ya kaka yako ni safi." Akarudi kufua sare.

Jana Baba alimgonga kichwa ukutani kwa sababu ya chumvi. Sikukuambia mwanzoni mwa barua kwa kuwa Mwalimu Siraje anasema barua ianze na mema.

Utakuja lini? Nimeuliza mara ya pili.

Mdogo wako,
Lanyero


Nairobi,
Jumapili, 13 Aprili 2025

Lanyero wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na mkubwa wangu ameisoma pia. Anasema kuna watu wenye digrii wasioweza kuandika ripoti kama hiyo. Nimehamisha kitufe cha kufunga, sasa kiko chini katikati, na kikiguswa skrini inaonyesha mapishi ya maharagwe. Nimepunguza maneno. Swali la tatu si la lazima tena.

Mwambie Mama Odur kitufe si chekundu tena, ni kijani.

Kuhusu safari, kazi zimekaba. Chama kinataka ukurasa uwe tayari mwezi wa tano. Nimejifunza mbinu nyingine mpya, nakupa: fanya kazi kwa vipindi vya dakika ishirini na tano, kisha simama utembee. Kichwa kinakuwa chepesi.

Chini ya barua nimeandika kiungo cha majaribio. Mama Odur akifungua kwenye simu yake, mjaribu kuanzia mwanzo hadi mwisho, mpaka kutuma. Usiwe na wasiwasi, ni majaribio tu, hayaendi popote.

Msalimie Mama sana. Mwambie namkumbuka.

Obita


Hospitali,
Kampala.
Jumapili, 4 Mei 2025

Kaka,

Mwalimu Siraje atanisamehe, leo sina salamu.

Jumamosi tarehe 26 Aprili asubuhi, Baba akiwa kazini, Mama Odur alikuja kwetu na simu yake. Tulikuwa watatu jikoni. Mama Odur alianza, akachoka, akasema, "Akot, wewe jaribu, mimi macho yangu ni ya mbuzi." Mama akaishika simu. Mimi nilikaa na daftari langu, nikiangalia.

Alijibu yote, Kaka. Nyumba: Namba 14. Unaumia wapi: aligusa kichwa, akagusa mkono, akagusa tumbo. Kwenye swali la tatu alisimama. Kisha akaandika kwa gumba, herufi moja moja: *mume wangu*. Sikumwambia aandike. Mama Odur akasema, "Hiyo ni majaribio tu, andika hata jina la Askofu." Mama akatabasamu. Ukurasa wa sita ukaja: *Ujumbe wako utatumwa kwa kituo kilicho karibu nawe.* Akabonyeza.

Kituo kilicho karibu nasi kiko mita mia mbili. Simu ya zamu ilikuwa mezani mbele ya Baba.

Alikuja amevaa sare, bila kukimbia. Mama Odur alikuwa ameshatoka. Baba akafunga mlango, akavuta kiti, akamwambia Mama akae chini sakafuni. Alikuwa na ile simu ya zamu mkononi.

"Umeita polisi," akasema. "Haya. Polisi imekuja."

Mama akasema, "Opoka, ni mchezo wa watoto."

"Mimi naandika taarifa. Sema. Unaitwa nani?"

"Opoka..."

Akampiga teke la buti mbavuni. "Mlalamikaji anajibu swali. Unaitwa nani?"

"Akot."

"Nyumba?"

"Kumi na nne."

Akampiga tena. Ukiacha lile la jina, alikuwa anasoma maswali yako, Kaka, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wako. Kila jibu lilikuwa na kipigo chake. Alipofika *Unaumia wapi?* Mama hakujibu, basi yeye akajibu. Kichwa. Mkono. Tumbo. Nilimrukia mgongoni, akanitupa juu ya jiko, maji ya moto yakanimwagikia mguuni. Nikaamka nikamrukia tena. Alipofika swali la tatu alimshika Mama nywele, akainua uso wake.

"Anayekupiga ni nani?"

Mama alimtazama. Meno yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Wewe."

Hapo ndipo alipomvunja taya kwa kitako cha ile simu na ngumi, sijui mara ngapi, nilikuwa ninapiga yowe dirishani. Katika kambi yetu watu hawaji wakisikia yowe, unajua. Husema, afande yuko nyumbani kwake. Siku hiyo walikuja. Mama Odur alitangulia na mwiko wa ugali, nyuma yake wale wengine wanne, na yule aliyekuwa na jicho lililovimba alikuwa ameshika pasi. Mlango uliangushwa. Mama Odur alimpiga Baba kwa mwiko usoni mpaka mwiko ukakatika. Damu ikamziba macho, akawa anapapasa mkanda wake akitafuta bastola, na kwa bahati alikuwa ameiacha kituoni. Walimkanyaga Baba, wakamtoa Mama kwa blanketi.

Taya limefungwa kwa waya. Mbavu tatu zimevunjika. Mimi mguu wangu unapona.

Hapa hospitali nesi alinipa simu nikupigie. Niliweka namba yako, kisha nikakata. Niliogopa utanipa mbinu.

Sasa naandika kwa sababu nataka kujua kitu kimoja. Ulisema hayaendi popote. Kwa nini yalienda?

Lanyero


Nairobi,
Ijumaa, 9 Mei 2025

Lanyero,

Bwana Habib amenikuta mlangoni mwa ofisi. Nimemwomba asiondoke hadi nimalize, amekaa kwenye ngazi na marobota yake.

Yalienda kwa sababu yangu. Ukurasa ule wa wizi ulikuwa umeunganishwa na simu halisi za vituo. Niliponakili, uunganisho ulikuja nao. Nilibadilisha rangi, nikabadilisha maneno, sikufungua kilicho nyuma. Ilikuwa kazi ya dakika mbili kuangalia. Nilitaka kumaliza kabla ya saa saba.

Tena ukurasa huo, hata kama ungefanya kazi vizuri, ungekuwa mbaya. Mimi nimezaliwa Namba 14. Ni mimi, kati ya watu wote, niliyepanga mwanamke wa kambini apelekewe polisi wa karibu. Nilipoona neno *kituo* kwenye fomu sikuona uso wa mtu. Niliona kisanduku.

Uliniuliza mara mbili nitakuja lini, nikajaza karatasi kwa mambo ya vipindi na folda. Nikuambie. Siku niliyoondoka, wewe ulikuwa shuleni. Baba alinivunjia kompyuta mgongoni, ile niliyonunua kwa kufyatua matofali. Mama alisimama katikati yetu. Nilimpiga Baba kwa jembe begani, akaanguka, na nikakimbia. Nilifika barabarani nikamsikia Mama analia. Nilisimama, Lanyero. Nilimsikia vizuri. Kisha nikapanda boda. Sikuogopa kwamba ataniua. Niliogopa kurudi nikammaliza, kwa sababu lile jembe lilikuwa limenipendeza mkononi.

Tangu mwezi wa pili nimekata tiketi ya basi mara mbili na kushuka mara mbili. Ya tatu sitashuka. Nimenunua panga. Mwambie Mama zile mbavu tatu nitazilipa kwa kichwa cha Baba. Usinikataze.

Ukurasa nimeuzima. Chama nimewaeleza ukweli. Mama mmoja wao, Mahfudha, atakuja hospitali na gari. Mwende naye.

Obita


Bwaise,
Jumapili, 25 Mei 2025

Kaka yangu Obita,

Nakusalimu, na leo nina mema ya kutangulia. Mguu wangu umefunga kidonda. Mama anatembea mpaka uani na kurudi. Vifaranga vimebaki vinne, Mama Odur anavitunza, naye hajashtakiwa kwa mwiko wake kwa kuwa wanawake wote watano wamesema ni wao.

Tuko kwa Bi Mahfudha tangu tarehe 12. Baba amenyang'anywa silaha na wakubwa wake, ila sare bado anayo. Wakili wa chama amechukua maelezo ya Mama kwenye ofisi nyingine, mbali na kambi. Shauri litasikilizwa mwezi wa sita.

Nimefikiri kuhusu ukurasa wako. Bi Mahfudha anautaka tena, na mimi pia. Hapa wamekuja wanawake wawili walioshindwa kupiga simu wakatembea na mvua, mmoja amekatwa sikio. Nimechora upya kwa penseli, michoro nimeiweka ndani ya bahasha hii. Swali la kwanza liwe: *Nani asijue?* Mtu achague kwanza, mume, polisi, jirani, imamu, mama mkwe. Baada ya hapo ndipo ukurasa uamue uende wapi. Ujumbe usitoke kabla ya Bi Mahfudha mwenyewe kuusoma. Hili litapunguza kasi. Nadhani ni sawa.

Sasa kuhusu panga. Nilimsomea Mama barua yako yote, hata ile sehemu ya barabarani. Hasemi sana kwa ajili ya waya, lakini hapo alishika mkono wangu nisiendelee, akalia kidogo, kisha akaashiria niendelee. Alipomaliza kusikia alisema kupitia meno: "Aje. Aje mikono mitupu. Nimeshafua damu ya mwanaume mmoja miaka ishirini." Nimeandika kama alivyosema.

Na usidhani hatuna hofu ndiyo maana tunakukataza. Alhamisi Baba alikuja. Alinifuata kutoka shuleni, sikutazama nyuma, hilo ni kosa langu na nimeliungama. Ilikuwa saa kumi jioni, maji ya mvua yamejaa njiani hadi magotini. Alisimama humo amevaa sare akaanza kupiga geti kwa buti.

Bi Mahfudha akasema kutoka ndani, "Nani wewe?"

"Polisi. Fungua."

"Polisi tuliyoita tunaijua jina. Imo njiani. Wewe ngoja hapo hapo, yaoge maji."

"Mimi nataka bibi yangu! Akot! Toka! Unanitia aibu mbele ya watu!"

Wanawake wengine walikimbilia chumba cha nyuma na watoto wao. Yule wa sikio alijificha chini ya meza, anatetemeka mpaka vikombe vinalia. Mimi nilichukua kisu cha vitunguu. Ndiyo, Kaka, mimi pia. Nilikishika, na kilinipendeza mkononi kama ulivyosema, nikakielewa kile ulichokimbia.

Mama alikuwa amekaa barazani na kikombe cha uji, anakunywa kwa mrija. Hakuinuka. Alininyooshea mkono wenye vidole vilivyopinda, na mimi nikampa kisu. Akakiweka chini ya kiti chake.

Baba akapiga geti mpaka bawaba ya juu ikang'oka. "Akot! Nakuhesabia!"

Mama akautoa mrija mdomoni. Alisema neno moja, kwa sauti ambayo waya haukuweza kuizuia: "Sirudi."

Huko nje yakaja matusi, kisha mateke mengine. Polisi walioitwa walichukua dakika arobaini kufika na kumwondoa. Dakika zote hizo geti lilikuwa linapigwa, na Mama akaurudisha mrija mdomoni, akanywa, polepole, bila kugeuza kichwa, hadi kikombe kikaisha. Akanikabidhi, akasema niongeze mwingine, na safari hii nitie sukari.

Tunakungoja,
mdogo wako Lanyero